Bertilla wa Mwazye na matuta yaliyogeuka kesi

Saa moja asubuhi ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya Mwazye, na wanawake ishirini na saba wamejipanga ukingoni mwa shamba bila jembe hata moja mkononi.

Wamejifunga vitenge juu ya masweta, maana baridi ya Ufipa haina adabu hata mwezi wa Desemba. Wengine wamekunja mikono, wengine wameificha mgongoni kama watoto walioambiwa wasiguse chakula cha mgeni. Mbele yao analima mwanamke mmoja tu. Anapasua tuta, anasambaza udongo, anasogea kwenye lingine.

"Mama Calvin, mkono unaniwasha," mmoja wao analalamika. "Niende nimpasulie mawili tu. Nani ataona?"

"Mungu ataona, na Polikarp ataona," anajibu Bertilla Kapele bila kugeuka. "Simama hapohapo. Ukigusa jembe leo, umemnyang'anya Salome shamba lake kwa mkono wako mwenyewe."

Wenzake wanacheka, lakini hakuna anayesogea. Ng'ambo ya njia, Polikarp mwenyewe amesimama ameegemea baiskeli yake, anahesabu mikono ya watu.

Bertilla ana miaka hamsini na mbili. Ni mkulima wa mahindi, maharage na ulezi, mama wa watoto watano, na kwa heshima ya mtoto wake wa kwanza kijiji kizima kinamwita Mama Calvin. Ndiye pia mwenyekiti wa Tusemezane, kikundi cha wanawake kinachopigania usawa wa kijinsia katika vijiji vinavyoizunguka Mwazye, wilayani Kalambo. Kikundi hakina ofisi wala gari. Mali yao ni benchi moja refu la mbao, ambalo hulibeba wawili wawili kwa zamu kila panapoitishwa shauri la mwanamke.

"Sisi hatumsemei mtu," anaeleza. "Mwenye shauri anasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Sisi tunakuja na benchi letu tunakaa, tunamtazama anayesikiliza. Mtu akitazamwa namna ile, hata uongo unamkwama kooni."

Sasa imekuwaje kikundi cha kuwasaidia wanawake kisimame kumtazama mwanamke mmoja, tena mjane, akivunjika mgongo peke yake? Ukimwuliza Bertilla, anashusha pumzi kwanza.

"Kosa ni letu," anasema. "Tulitanguliza huruma, tukasahau desturi. Na desturi ya hapa ukiisahau, yenyewe haikusahau."

Kwa asiyewahi kufika huku, mkulima wa Ufipa ana namna yake ya kulima. Mvua zinapokaribia kuisha na nyasi zimenenepa, huzifyeka, huzikusanya, kisha huzifukia kwa udongo mpaka linapatikana tuta la mviringo, lile ambalo kwa Kifipa huitwa ntumba. Nyasi zinaozea humo ndani na udongo unanona. Juu yake hupandwa maharage. Mvua za msimu mwingine zinapoanza, matuta hupasuliwa, udongo husambazwa, na hapo ndipo ulezi au mahindi hupandwa. Ni kazi ya kutoa roho, na wengi wanaoifanya ni wanawake.

Kijijini kwa kina Bertilla kuna sheria juu ya matuta hayo ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Aliyepiga tuta ndiye atakayelipasua. Huwezi kuja msimu unaofuata na jembe lako ukapasua jasho la mwenzako. Na kama mtu ameita watu wamsaidie kupiga matuta, basi awapikie. Wakishakula chakula chake palepale shambani, matuta ni ya mwenye chakula, hata kama yeye hakushika jembe.

Januari mwaka huu Elia, mume wa Salome, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alimwachia mkewe watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya, na shamba la ekari moja na nusu lililo karibu na kijito. Salome alikwenda kukaa matanga nyumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Skolastika. Siku zikapita. Nyasi zikakomaa. Matuta hayangoji mtu amalize kulia.

"Tukasema, haiwezekani," Bertilla anakumbuka. "Mwenzetu akose msimu kwa sababu kafiwa? Tukaingia shambani, watu wazima kwa vijana, siku mbili, tukalimaliza lote. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Na kwa kumwonea huruma, tukabeba unga wetu, maharage yetu, hata kimpumu chetu. Tukasema mfiwa asisumbuliwe na mambo ya kupika."

Kimpumu ni pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, watu wamekizunguka chungu. Siku ile kilinyweka vizuri sana, na hakuna aliyewaza kwamba wanakunywa kesi.

Maharage yalipandwa, yakavunwa, Salome akala na watoto wake. Ilipofika Septemba, shemeji yake Polikarp, mdogo wa marehemu, akaenda kwa uongozi wa kijiji na maneno yaliyonyooka kama kamba. Alisema shamba la ukoo wao limeingiliwa na chama. Marehemu hakuacha tuta hata moja, matuta yote yamepigwa na Tusemezane, wakala chakula chao na kunywa pombe yao. Kwa hiyo kwa desturi wenye matuta ni Tusemezane, na ukoo haujawahi kuwapa Tusemezane shamba.

Watu wakatazamana. Hata wanawake wengine walitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alilolisema lilikuwa kweli tupu.

"Niliona dunia inazunguka," anasema Bertilla. "Yaani mikono yetu wenyewe ndiyo iliyomchimbia mwenzetu shimo. Usiku ule sikula."

Alijaribu kuukumbusha mkutano kwamba sheria za nchi zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Polikarp akamjibu papo kwa papo: "Sheria iko Dodoma, Mama Calvin. Matuta yako hapa." Watu wakaangua kicheko, na mzaha ule ukamwuma Bertilla kuliko tusi.

Mwandishi alipomtafuta Polikarp, hakukataa kuzungumza. Ni mtu mpole, mwimbaji wa kwaya kigangoni. "Mimi shemeji simchukii," alisema. "Lakini yule bado kijana. Kesho ataolewa kwingine, na shamba la baba yangu litakwenda kulimwa na mwanamume nisiyemjua. Wewe ungekubali?"

Salome ana miaka thelathini na nne, na kwao ni Mwimbi. Anaongea taratibu, anachagua maneno. "Walisema nirudi kwetu na wadogo wawili, mkubwa abaki kwa ukoo wake," anasema. "Shamba likienda na mwanangu anakwenda. Mimi sikuwa nagombea udongo."

Baraza la Ardhi la Kijiji likaamua kwamba mpaka shauri liishe, mtu yeyote asiyaguse matuta yale. Kwa mjini uamuzi kama huo unaweza kuonekana wa busara. Kwa mkulima ni kifungo, kwa sababu mvua za Novemba hazisomi kumbukumbu za baraza. Asiyepanda kwa wakati hana chakula mwaka mzima, na mjane asiye na chakula haambiwi aondoke; ataondoka mwenyewe.

Ndipo Bertilla akapanda basi kwenda Sumbawanga kutafuta wa kuwashika mkono.

Anaisimulia safari hiyo kwa kuigiza sauti za watu, na wenzake wanaoijua hadithi wanaanza kucheka kabla hajafika mwisho. Ofisi ya kwanza aliambiwa aandike andiko la mradi, lenye malengo mahususi. Ya pili aliambiwa bajeti ya mwaka imeshafungwa. Ya tatu kijana mmoja mwenye tai alimwambia aje na picha za wanawake wanaolia, maana wafadhili huguswa na picha.

"Nikamwambia, mwanangu, sisi wanawake wetu wakilia hatuwapigi picha, tunawapa maji," anasema Bertilla. "Akaniangalia kama nimemtukana. Haya, nikatoka."

Mlango wa mwisho ulikuwa duka la Kulsumu, karibu na soko. Familia yake ni ya wafanyabiashara wa siku nyingi mjini hapo. Dukani wanauza mbegu, mbolea na vitenge, na mwanawe Amin huzunguka na lori kununua mahindi kutoka Kalambo mpaka Namanyere. Kulsumu naye ni mjane. Alipofiwa, mashemeji zake walitaka kuligawana lori, akakaa kwenye usukani na kukataa kushuka mpaka kadhi alipoitwa.

Bertilla alidhani mwanamke wa namna hiyo atafungua mkono kabla hajamaliza salamu. Haikuwa hivyo.

"Dada yangu, maneno yako matamu," Kulsumu alimwambia huku akipima mbegu za mteja. "Lakini vikundi nimeviona. Vinakuja na fulana, vinaondoka na fulana. Nioneshe mwanamke mmoja tu, mmoja, ambaye mmemkalia na benchi lenu hilo akapanda shamba lake. Ukimpata, rudi. Tutaongea mimi na wewe kama watu wazima."

"Na nisipompata, Mama Amin?"

"Usipompata utanunua mbegu kama wateja wengine. Nitakupunguzia."

Bertilla alirudi Mwazye mikono mitupu, ila hasira zake zilikuwa zimepata kazi ya kufanya. Aliwaita wenzake, akawaambia waikumbuke siku moja baada ya nyingine, tonge baada ya tonge. Nani alikula nini, saa ngapi, kutoka chungu gani?

Na hapo mmoja wao akashika mdomo. Siku ya pili unga wao uliisha. Watu walikuwa wameongezeka, njaa ikawakamata adhuhuri na kazi bado mbichi. Mara binti mkubwa wa Salome akatokea na mwenzake, wamebeba ugali wa ulezi na chungu cha maharage. Walikula, wakaramba vidole, wakarudi kwenye majembe. Hakuna aliyeuliza mpishi ni nani.

"Mtu mwenye njaa haulizi jina la mpishi," anasema Bertilla. "Lakini tulijua binti alitoka wapi. Alitoka kwa bibi yake."

Kesho yake akaenda kwa Bibi Skolastika. Alimkuta uani anapeta ulezi.

"Tumsifu Yesu Kristo, bibi. Shikamoo."

"Milele, amina. Marahaba. Nilijua utakuja, na ninajua unalolitaka. Kaa, unywe uji, halafu uondoke bila kuniuliza."

Bertilla akakaa, akanywa uji. Kisha akauliza. Bibi akaendelea kupeta, makapi yakiruka, mpaka ungo ulipobaki safi.

"Elia nimemzika," alisema hatimaye. "Polikarp ndiye atakayenizika mimi. Unanitaka nisimame mbele ya kijiji nimvue nguo mwanangu? Wewe una mtoto wa kiume, Mama Calvin. Ungeweza?"

Bertilla angeweza kumwambia maneno ya semina, kuhusu haki na usawa, lakini maneno hayo mbele ya mama aliyefiwa na mwana yalionekana membamba mno. Akasema tu, "Mimi sijui, bibi. Wala sijui Salome anawezaje kulala." Akaaga, akaenda zake. Njiani, anasema, alilia kwa uchungu.

Mvua zikaanza. Majirani wakapasua matuta yao, wakapanda. Shamba la Salome peke yake likabaki na vichuguu vyake, magugu yakichipua juu. Kila anayepita njia ile alilitazama akatikisa kichwa.

Alhamisi ya mwisho ya Novemba baraza likakaa. Tusemezane walifika mapema wakaweka benchi lao, wakakaa kimya. Bibi Skolastika naye alikuja, amejifunga kitenge kipya, akaketi upande wa ukoo wake nyuma ya Polikarp.

Salome alipoitwa kueleza, alifanya jambo lisilotarajiwa. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Mkwe kumhoji mkwe hadharani si jambo dogo Ufipa. Ni kukanyaga moto.

"Mama," alisema, "naomba uniambie mbele ya wazee. Siku ya pili ya matuta, unga ulichotwa ghala la nani?"

Bibi akatazama chini. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Isdori, akakohoa. Kwenye benchi, Bertilla alikuwa ameng'ata ncha ya kitenge chake. Kanuni ni yao wenyewe: hawamsemei mtu. Anasema siku ile aliichukia kanuni hiyo kwa moyo wake wote.

Laiti Polikarp angenyamaza, huenda mambo yangekwisha pale. Lakini mtu akiona ushindi uko karibu, ulimi humtangulia. Akasimama.

"Wazee, msimsumbue mama," alisema. "Siku zile alikuwa ameelemewa na huzuni. Nyumbani kwetu hata moto haukuwashwa. Wale watu walilima siku mbili, wakala vyao. Nyumba yetu haikuwapa hata punje."

Bibi Skolastika akainua kichwa.

"Umesema nini?"

"Nasema mama, hukupika. Hakuna anayekulaumu."

"Mimi? Watu walime mbele ya msiba wangu siku nzima, mimi nisiwape chakula?" Bibi alikuwa amekwisha kusimama, hata mkongojo kausahau. "Nyumba ya baba yako haijawahi kulimiwa na mtu akaondoka na njaa! Tangu nimeolewa hapa! Unanitangazia uchoyo mbele ya kijiji, Polikarp, ili upate shamba?"

"Mama, sikuwa na maana hiyo..."

"Nilipika! Ugali wa ulezi na maharage, nikawatuma mabinti. Na waliokula ni hawa hapa, wanakodoa macho kwenye benchi lao, hata ahsante hawakuja kusema!"

Bertilla anasema aliona aibu na furaha kwa mpigo mmoja, akashindwa achague ipi.

Mzee Isdori akauliza kwa upole: "Na unga, mama? Ghala la nani?"

Bibi akamtazama Salome aliyekuwa bado amepiga magoti. Sauti yake ikashuka. "Ghala la huyu. Mimi ulezi wangu ulikuwa umeisha kwenye msiba. Nilimwuliza, mwanangu, tuna watu shambani, nifanyeje? Akaniambia chota mama, chota wote ukipenda. Nikachota. Chakula kilikuwa cha Salome. Mimi nilikoroga tu."

Hapo hata waliomcheka Bertilla mwezi Septemba walipiga makofi. Baraza likajitenga kwa muda mfupi, likarudi na uamuzi: matuta ni ya Salome, shamba ataendelea kulilima na kuwatunzia watoto wa marehemu. Wakaongeza sharti moja, ili ukoo nao uridhike. Matuta yale ayapasue kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu, na mwanachama yeyote wa Tusemezane asiguse jembe.

Watu walipotawanyika, Bertilla alimkimbilia Bibi Skolastika kumshukuru. Akakatwa kauli.

"Sikusema kwa ajili ya chama chenu," alisema bibi. "Na Jumapili mje kunishukuru kwa yale maharage. Miezi kumi!"

Walikwenda, na kuku wawili.

Ndiyo sababu asubuhi hii wanawake ishirini na saba wamesimama mikono mgongoni. Kazi inakwenda polepole. Saa nne Salome anakaa kumnyonyesha mtoto, kisha anarudi kwenye jembe. Jua linapanda, ukungu unayeyuka, sasa yanaonekana mashamba ya watu mpaka kule bondeni, ya kwao yameshaota kijani. Saa sita Bibi Skolastika anakuja na mkongojo wake kutazama. Polikarp, ambaye hajamsalimia shemeji yake tangu baraza, anaondoka kwa baiskeli na kurudi na kigoda. Anakiweka nyuma ya mama yake. Halafu anaondoka kabisa, na safari hii hageuki kuangalia.

Siku ya tatu shamba lilikuwa limeisha. Salome akapanda mahindi upande wa chini na ulezi upande wa juu. "Viganja vimekuwa kama gome," anasema akivionesha, na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze anacheka. "Mwanangu mkubwa ananifukuzia ndege. Yuko hapa, nimemwambia asiende mbali."

Wiki iliyofuata Bertilla akapanda basi tena kwenda Sumbawanga. Safari hii alikwenda na Salome. Kulsumu alivishika viganja vile juu ya kaunta, akavigeuza, akamwita Amin aje avione naye.

"Mashallah," alisema. "Haya, Bertilla. Neno langu ni neno. Semeni mnachotaka. Vitenge vya sare? Viti vya plastiki, muachane na benchi? Semeni."

Bertilla alikuwa amelilaza jambo lake kifuani miaka mingi, akalitoa lote. Wakati wa mavuno, alisema, lori la Amin linapofika kijijini, gunia hupandishwa kwenye mizani na mwanamume, na fedha huwekwa mkononi mwa mwanamume. Mke aliyepiga matuta, akayapasua, akapanda, akapalilia, yuko jikoni anawapikia wapimaji. Habari za bei anazipata kwa jirani.

"Hatutaki vitenge, Mama Amin. Tunataka lori lako lisipime gunia la mtu mwenye mke mpaka mke awe amesimama pale kwenye mizani. Aone kilo, asikie bei, ashuhudie fedha zikihesabiwa. Basi."

Amin alicheka, kisha akaona mama yake hacheki.

"Wewe mwanamke," Kulsumu alisema, "nimekupa nafasi ya kuniomba kitu, umeniomba wateja wangu! Wanaume watanikimbia. Watauza kwa lori jingine siku hiyohiyo."

"Wengine watakukimbia," Bertilla alikubali.

"Na unaniambia hivyohivyo, kavukavu?"

"Sasa nikudanganye? Ukitaka rahisi, tupe vitenge. Tutavaa, tutakushukuru, na mwakani utasema vikundi vinakuja na fulana na kuondoka na fulana."

Kulsumu akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimetandazwa kwenye kaunta, mkunjo juu ya mkunjo. "Mimi nilikaa kwenye usukani," alisema kama anayejisemea. "Nilikaa siku nzima na nusu, na mbu." Akamgeukia mwanawe. "Mwazye peke yake. Msimu mmoja. Wakinikimbia wote, Bertilla, nahamia kwako, utanilisha."

"Utakula ugali wa ulezi mpaka uchoke," akajibu Bertilla.

Tangu siku hiyo Tusemezane hawajalala. Wanapita kitongoji kwa kitongoji kutangaza habari ya mizani, na mapokezi ni ya kila namna. Paroko ameahidi wapewe muda wa kusema baada ya misa. Wanaume wawili wazee wamejiunga na kikundi, mmoja akisema amechoka kumficha mkewe bei. Wengine wamewafukuza uani. Kuna nyumba moja walikomwagiwa maji ya vyombo, na Bertilla amepanga kurudi huko wiki ijayo, "na kitenge cha kubadilisha."

Wanaowaunga mkono bado ni wachache, anasema, na wangefurahi wakipata watu wa kuwafundisha sheria za ardhi kwa lugha nyepesi, na namna ya kuvifikia vijiji vya mbali vya Kalambo na Nkasi ambako miguu haifiki kwa siku moja. Lakini hawamsubiri mtu. Lori la Amin litafika Julai, na Bertilla anataka foleni ya kwanza kwenye mizani iwe ya watu wawili wawili, mume na mke.

Familia itakayotangulia ameshaichagua: ni yake mwenyewe. Mwaka jana mumewe, Alois, aliuza magunia yao wakati yeye yuko kwenye baraza la mwanamke mwingine kutetea haki zake. Alirudi nyumbani akakuta ghala jeupe na redio mpya inaimba mezani.

"Nitawaambiaje wenzangu wasimame kwenye mizani, na mimi wa kwangu ananizunguka?" anauliza.

Na Alois amekubali?

Bertilla anatazama kando, ambako mumewe anapalilia mistari ya mwisho ya shamba lao akijifanya hasikii.

"Hajakubali," anasema, akipaza sauti kidogo. "Jana nimemwambia tena. Akaniuliza, Mama Calvin, mahindi hata magoti hayajafika, wewe unanigombeza habari ya kuuza? Nikamwambia ndiyo, Baba Calvin. Naanza mapema, ili Julai nikisimama pale pembeni yako, usije ukasema hukuambiwa."